Hao Wanaenda Wapi?

Njia ya Kilimanjaro Marathon ina hila. Mbio za kilomita 42 huanzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi, zikateremka mjini, kisha zikashika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Huko ni tambarare, mashamba huku na huku, na hewa ya asubuhi bado ina ubaridi. Mawingu yakikubali, mlima wote uko wazi. Miguu ni mipya na kila mtu anajiona bingwa. Mnageuka, mnarudi mjini, na nusu ya safari ikiwa imekwisha ndipo barabara inapoelekea Mweka na kuanza kupanda, kidogokidogo, katikati ya migomba na mibuni, kutoka kiasi cha mita 830 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,150. Kwa mpanda mlima huo si mwinuko wa kuzungumzia. Kwa mtu mwenye kilomita 21 miguuni ni siku ya kulipa deni, na kila sekunde aliyojichukulia kule tambarare inadaiwa pamoja na riba.

Ni kwenye kile kipande cha kwanza, kinachoonekana rahisi, ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini mama mmoja wa klabu yetu ya joging. Ni fundi cherehani wa Temeke, amevuka miaka hamsini, na zawadi za fedha za washindi hazimhusu kwa namna yoyote. Mlio wa kuanzia ulipolia, umati ulichomoka, vijana wakipita hadi juu ya nyasi ili kupata nafasi ya mbele. Yeye akaanza kwa mwendo wa mtu anayetoka msikitini baada ya swala ya alasiri. Akanigeukia, akaniuliza bila kejeli yoyote:

"Mwanangu, hao wanaenda wapi?"

Tangu siku hiyo nimekimbia nyuma yake mara nyingi, wakati mwingine kwa makusudi ya kumwibia ufundi. Naandika haya kwa sababu sisi wapenzi wa riadha tumezoea kumsifu mwenye kasi, na mwenye kipimo anapita mbele ya macho yetu hatumwoni.

Hesabu yenyewe si ya kufichwa. Anayetaka kumaliza marathoni kwa saa nne anatakiwa kila kilomita aimalize kwa dakika 5 na sekunde 41. Tuseme amesisimka, kilomita kumi za mwanzo akazikimbia kwa 5:20 kila moja. Ameweka akiba dakika tatu na nusu, roho yake imetulia. Lakini zile kumi za mwisho zikimkuta hana kitu, akashuka hadi dakika 7 kwa kilomita, mwendo wa kawaida kabisa wa mtu aliyeishiwa pumzi, hapo amepoteza dakika 13. Hakuna duka Kariakoo linaloendeshwa kwa biashara ya namna hiyo likamaliza mwezi, na bado kila Jumapili ya mbio naona mamia ya watu wakiifanya, wengine wakiwa wahasibu.

Sababu iko kwenye misuli na ini. Humo ndimo mwili unamohifadhi wanga, kwa umbo linaloitwa glaikojeni, na ghala lenyewe ni dogo: kwa wengi wetu linatosha kama kilomita 30 hivi. Mwili unachoma pia mafuta, na ya hayo hata mwembamba anayo ya kumfikisha mbali sana, ila mafuta hutoa nguvu polepole. Ukienda kwa utulivu, mafuta yanabeba sehemu nzuri ya kazi. Ukiongeza mwendo, wanga ndio unaochotwa kwa wingi. Kwa hiyo ile 5:20 haina hasara ya uchovu tu. Imebadilisha ghala unalochotea. Na ugali wa jana usiku, hata uwe mlima, haurudishi kilichochomwa bure kwenye kilomita ya sita.

Mama huyu hana saa ya satelaiti. Anayo saa ndogo ya mkononi ya kumwambia dakika, na anao mdomo. Alikulia enzi za mchakamchaka, kwanza shuleni, kisha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako kikosi kizima kilikimbia alfajiri huku kikiimba, mmoja akitoa na wengine wakiitikia. Wengi wa rika lake wanaukumbuka kama mateso. Mimi, kila ninavyomtazama, naona ulikuwa chuo cha mwendo, kwani wimbo haukubali kasi inayozidi pumzi. Kiongozi akikazana kupita kiasi, kiitikio kinakonda, naye anajua bila kugeuka kwamba wa nyuma wameachwa. Sasa kazi hiyo anaifanya peke yake. Kila baada ya muda anasema sentensi nzima, ndefu, mara nyingi ya umbea usio na madhara kuhusu watu wanaotupita. Sentensi ikimkatikia katikati, anapunguza, na hajali ni nani anayempita wakati huo. Nimejaribu kumwiga. Kigumu ni kumwacha akupite mtu ambaye kwa kumtazama tu unajua unamzidi.

Kuna ufundi wake mwingine niliochelewa kuuona kwa sababu hautoi jasho. Njia ya mbio inayotambuliwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Mpimaji hufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji angeweza kuupita, sentimita 30 tu kutoka ukingoni kwenye kona, na juu ya hapo huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Sasa mtu anamaliza, anatazama saa yake imesoma kilomita 42.7, anaanza kuwalaumu waandaaji. Saa hizo zina makosa yake, kweli, lakini sehemu kubwa ya zile mita aliziongeza mwenyewe: alifuata upande wa nje wa kona, akayumba kuwakwepa watu, akavuka barabara kwenda kumpungia shemeji. Mama huyu kona ikiwa bado mbali ameshaanza kuhama upande, taratibu, kwa mstari ulionyooka, bila kumkata mtu njia. Ukiwa nyuma yake unaona tu kwamba umati umepinda na yeye hakupinda.

Kwenye maji ni hivyohivyo. Meza ya kwanza hujaa watu, wanagongana, chupa zinadondoka. Yeye hupita hadi meza ya mwisho, akachagua kijana mmoja, akamtazama machoni tangu mbali, akanyoosha mkono. Kama ni kikombe cha karatasi, anakibana juu mpaka mdomo wake uwe mwembamba, maji yasimwingie puani. Kama ni chupa, anapiga mafunda mawili, yanayobaki anajimwagia kisogoni. Mbio za Dar es Salaam zimemfundisha hilo. Hewa ya pwani imejaa unyevunyevu. Jasho linadondoka badala ya kukauka, na jasho lililodondoka halipozi chochote, kwani kinachopoza ni kule kukauka juu ya ngozi. Kwa hiyo huko anaanza polepole zaidi kuliko Moshi, ingawa barabara ni tambarare, kwa kuwa ifikapo saa mbili asubuhi jua litamtoza lake.

Kuhusu viatu sina mengi. Raba zake ni za mtumba wa soko la Karume, na anazichagua kwa kuzigeuza na kuisoma soli kwanza, rangi baadaye.

Huenda tatizo letu ni mashujaa tuliolelewa nao. Filbert Bayi, Christchurch mwaka 1974, aliongoza fainali ya mita 1,500 tangu mwanzo na kumaliza kwa rekodi ya dunia, 3:32.2. Juma Ikangaa naye alipenda kukaa mbele na kuwachosha wenzake. Alishinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, na Boston akawa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, ile ya kwanza akizidiwa sekunde moja na Ibrahim Hussein wa Kenya. Kukimbia kwa namna ile kunataka moyo, na wao walikuwa na mapafu ya kuulipia. Sisi wenye namba za maelfu vifuani tumeurithi moyo, mapafu yakabaki kwao.

Alphonce Simbu ni wa shule nyingine. Septemba 2025, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo, alikaa kundini kwa saa mbili na ushei, na hata uwanjani, hatua za mwisho, Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Picha ndiyo iliyoamua, kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Marehemu Kelvin Kiptum, alipovunja rekodi ya dunia Chicago mwaka 2023 kwa 2:00:35, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, ya pili kwa 59 na 47. Tofauti ya dakika moja tu, na imeangukia upande unaotakiwa. Mama wa Temeke hawezi kuuona mgongo wa watu hao hata kwa darubini, lakini nadhani wangemtambua kwamba ni wa kazi yao.

Turudi kwenye kupanda kwa Mweka, maana huko ndiko kazi yake inakoonekana. Kwa mbali utadhani ameongeza mwendo, kwa jinsi anavyowapita watu. Hajaongeza. Hatua zake ndiyo kwanza zimefupika, mikono imeshuka kidogo, macho yako mita chache mbele yake ili asiusome mwinuko wote kwa mkupuo. Wanaorudi nyuma ni wale waliochomoka asubuhi. Wengine wanatembea, mikono kiunoni. Mmoja namkumbuka ameketi kwenye ukingo wa mfereji, anamenya chungwa kwa utulivu wa mtu asiye na safari. Wanawake waliosimama kando ya migomba wanatupa pole. Wengi wetu tunajibu kwa kutikisa kichwa. Yeye anawajibu kwa ukamilifu, "Asanteni wanangu, nimeshapoa," na nikisikia hivyo najua ghala bado lina kitu.

Baada ya kugeuka juu, wengi hudhani kazi imekwisha, wanajiachia. Hapo wanaharibikiwa. Kwenye mteremko paja ndilo breki. Msuli unavutwa kurefuka huku ukijikaza kuuzuia uzito wa mwili, na kazi ya aina hiyo huuchana kuliko kupanda. Ndiyo sababu Jumanne baada ya Kilimanjaro Marathon utawaona watu wazima wakishuka ngazi za ofisi kinyumenyume. Mama huyu hushuka kwa hatua fupi za harakaharaka, mguu ukitua chini ya kiwiliwili badala ya kutangulia mbele na kisigino, mwili umeinama kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Haivutii kuitazama. Vijana hutupita kwa hatua ndefu za kupendeza, na wachache kati yao tunawakuta tena kabla ya uwanja.

Cha ajabu, yeye Moshi haimtishi. Anayoiogopa ni tambarare: Dar, zile mbio zinazovuka Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari ukipiga ubavuni na watu wakijikinga nyuma ya migongo ya wenzao. Anasema mlima unamshika mtu kwa lazima, hata mjinga anapunguza. Kwenye tambarare hakuna wa kukushika, ni juu yako. Safari hii anataka nusu marathoni ya huko, na ameniambia anataka kilomita za mwisho ziwe za haraka kuliko za mwanzo, jambo ambalo kwa umri wake na kwa joto lile naliona gumu. Nimekubali kumwekea mwendo mpaka kilomita ya kumi. Sharti amelitoa yeye: nikizidisha hata kwa sekunde tano, nauli ya kumrudisha Temeke itakuwa juu yangu, na si ya daladala.