Marthiya ya Baba Aliyefiwa na Wana Watano



Leo nataka tulitazame shairi moja la Kiarabu ambalo wengi wetu tuliokaa mbele ya masheikh tumelisoma kwa ajili ya nahau tu. Twasema hiki ni kitenzi, huyu ni mtenda, kisha twafunga kitabu twende zetu. Mimi nalifanya hivyo miaka mingi. Siku nilipomzika mwanangu ndipo nilipolifungua nikalisoma.

Mwenye shairi ni Abu Dhuayb wa kabila la Hudhayl, katika Waarabu wa Hijazi. Yumo katika wale walioishi zama za ujahilia kisha wakaudiriki Uislamu. Imepokewa kuwa wanawe watano walikufa kwa tauni katika mwaka mmoja. Marthiya yake imehifadhiwa katika Mufaddaliyat, mkusanyo wa mashairi ya kale ulioandaliwa na al-Mufaddal wa Kufa katika karne ya 2 ya Hijria. Kila ubeti huishia kwa herufi ya ain. Nawe wajua, msomaji, ain hutoka kooni, kama sauti ya mtu aliyekabwa na kilio.

Shairi lina sehemu mbili. Katika ya kwanza mwanamke amwuliza mshairi kwa nini mwili umemdhoofu na kitanda kimemkataa. Yeye ajibu kuwa wanawe wamekwenda na hawarudi. Macho yake ni kama yaliyochomwa miba, na mbele ya watu ajikaza wasimcheke. Hapa hapana kitu kiendacho. Ni mtu na kitanda chake.

Mara shairi lageuka, na kila kitu chakimbia. Punda mwitu na majike yake washuka kunywa maji, wasikia mwindaji, watoka mbio, na mishale yawapata. Kisha fahali wa mwituni apambana na mbwa wa kuwinda mpaka aanguka. Mwisho ni wapanda farasi wawili, mashujaa waliovaa deraya, wapigana hata kila mmoja amwua mwenziwe.

Wapo waliosema kuwa sehemu hii haina uhusiano na msiba. Na si watu wadogo. Katika Kitabul Aghani imepokewa kuwa khalifa al-Mansur, aliyeujenga mji wa Baghdad, alipofiwa na mwanawe Jaafar alitaka asomewe marthiya hii. Katika jamaa zake wote hakupatikana aijuaye. Khalifa akaona kuwa ujinga huo ni msiba ulio mkubwa kuliko kifo cha mwanawe. Mwishowe akapatikana mzee mmoja mwalimu. Mzee akasoma, na alipofika mahali mshairi asemapo kuwa zama hazimridhishi mwenye kuhuzunika, khalifa akamtaka ayakariri maneno hayo mara nyingi. Lakini alipoingia katika punda mwitu, khalifa akamsimamisha. Akaona kuwa hapo Abu Dhuayb amekwisha kupoa.

Nami nasema, khalifa alipata nusu na akakosa nusu. Ni kweli hapo mshairi apata nafuu. Lakini nafuu hiyo hakuipata kwa kusahau. Mtu ambaye ubavu wake haukukubali kulala amepata kazi ya kufanya: apanga maneno, afukuza wanyama jangwani, apima mwendo wa kila mmoja. Na safari zote tatu zaishia wapi? Zaishia kwenye kifo. Amezunguka njia tatu na kila njia imemrudisha kaburini kwa wanawe, ila sasa arudi kwa miguu yake, hakuburutwa. Hiyo ndiyo hekima ya shairi, nayo imo katika sehemu ile ile ambayo khalifa hakutaka kuisikia. Hata yeye mshairi hakubaki kitandani: imepokewa kuwa alitoka na majeshi kwenda Afrika ya Kaskazini zama za Sayyidna Uthman, akafa katika safari hiyo.

Hata hivyo aibu ya shairi isifichwe. Abu Dhuayb azilaumu zama, na Mtume (S.A.W.) ametukataza kuzitukana zama. Tena ndani yake hamna dua, wala tumaini la kukutana akhera. Uzuri wake tuuchukue, na upungufu wake tuujaze kwa yale tuliyofundishwa. Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka 10 Hijria, kabla mtoto hajatimiza miaka 2, alilia, na alipoulizwa akasema kuwa machozi ni rehema. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kusema yasiyomridhisha Mola. Machozi hayakukatazwa, wala maneno mema, wala kutembea. Bibi Hajar alipomhofia mwanawe kwa kiu alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara 7. Mwenyezi Mungu hakuilaumu miguu yake. Aliifanya mbio ile kuwa ibada kwa kila mwenye kuhiji mpaka leo.

Haya nayasema, msomaji, kwa sababu nina deni. Miaka mingi iliyopita baba mmoja wa mtaani alinijia kumshitaki mkewe. Mtoto wao alikuwa amezama baharini. Baada ya khitma yule mama akawa kila alfajiri hutembea ufuoni huku asuka ukili, na huku atunga maneno ya kumtaja mwanawe. Majirani wakasema ameharibikiwa. Nami, nilikuwa kijana wa elimu, nikatoa jibu bila ya kumwuliza neno lolote alilolitunga. Nikasema asitoke, na anyamaze. Akatii. Hakusuka tena, wala hakutoka, akadhoofu kama yule aulizwaye katika shairi.

Nilipofiwa mimi na kuisoma marthiya, nilikwenda nikamwomba radhi mbele ya mumewe. Akanisamehe, Mungu amjazi kheri. Kisha akaniambia, "Maalim, yale maneno nimekwisha yasahau."

Basi ewe baba, ewe ami, ewe jirani: ukimwona mfiwa ashona kofia usiku kucha, au atunga beti, au atembea mpaka makaburini na kurudi, msikilize kwanza. Akisema lisilofaa, mrudishe kwa upole. Akisema lililo jema, mpe karatasi aliandike.

Mwenyezi Mungu awarehemu watoto wetu waliotutangulia, na atukutanishe nao peponi. Amin.