Heko, Walimu wa Jiografia

Mwalimu wa jiografia wa shule ya kata hana maabara ya nishati, na pengine darasa lake halina hata umeme. Ana chaki, ubao na jua la saa saba. Kwa vitu hivyo anawafikisha wanafunzi Olkaria, ambako Kenya inazalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981. Anawapitisha Songo Songo, Kilwa, ambako gesi asilia ilianza kupita bombani hadi mitambo ya Dar es Salaam mwaka 2004. Kisha Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Kupanga nishati jadidifu kama jua, upepo na maji huku, na zisizo jadidifu kama makaa ya mawe na mafuta kule, ni kazi ya dakika kumi. Ninayempongeza hasa ni yule anayefika kwenye mkaa asiukwepe. Mti huota tena, basi vitabu huuhesabu kuwa nishati jadidifu. Lakini mti wa miombo huchukua miaka mingi kukua, na gunia la mkaa haliishi jikoni muda mrefu. Je, kinachokatwa haraka kuliko kinavyoota bado ni jadidifu? Mwalimu mzuri huwaachia wanafunzi wabishane, maana ugali waliokula jana umo ndani ya swali hilo.

Walimu wengine huwafundisha kutengeneza jiko la jua kwa boksi na karatasi ya kung'aa. Yai huiva taratibu, kelele haziishi, na mwalimu wa hesabu chumba cha pili hulalamika.