Kabati la Vitabu la Mchungaji: Kusoma Kila Utanzu kwa Haki Yake

Katika vyuo vyetu vya theolojia tumezoea kukiuliza kitabu swali moja tu: je, chafaa kwa mahubiri? Kikifaa, twanyofoa mfano mmoja, twauingiza katika hotuba ya Jumapili, kisha twakirudisha kabatini. Kisipofaa, hatukisomi kabisa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni finyu, na kwamba anayelipa gharama ya ufinyu huo si mchungaji peke yake bali ni watu aliokabidhiwa kuwachunga.

Tutavitazama vitabu vinne vya Kiswahili vya aina nne: utenzi, tamthilia, riwaya, na kitabu kimoja ambacho ni riwaya na papo hapo ni hazina ya mila. Hatusemi kwamba vinne hivi vyapita vingine vyote kwa ubora. Tumevichagua kwa sababu kila kimoja chagusa jambo ambalo mtumishi wa usharika hukutana nalo kabla juma halijaisha.

Kwanza hapana budi tujibu hoja ya wale wasemao kwamba Biblia na Katekisimo vyatosha. Sisi Walutheri tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule na maktaba. Katika maktaba hizo hakutaka Maandiko na fafanuzi zake tu. Alitaka pia vitabu vya washairi na wasemaji stadi, wawe Wakristo au wapagani, maana kwa hivyo lugha hujifunzwa; akataka vitabu vya sheria na tiba, na hasa tarehe na historia za mataifa. Wakati huohuo alionya kwamba vitabu visikusanywe ovyo, bali vichaguliwe. Tena mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg huku mambo ya Matengenezo yakijadiliwa Augsburg, alitenga sehemu ya siku zake kuzitafsiri hadithi za Esopo kwa Kijerumani. Mtu huyu hakuona kwamba hadithi za mbweha na kunguru zinamwondoa katika kazi ya Injili.

Isitoshe, Biblia yenyewe si kitabu cha utanzu mmoja. Yothamu aliwaambia watu wa Shekemu hadithi ya miti iliyotafuta mfalme (Waamuzi 9). Nathani alimwendea Daudi na kisa cha mwana-kondoo wa maskini (2 Samweli 12), na Daudi alihukumu kabla hajatambua kwamba anajihukumu mwenyewe. Ayubu ni majibizano marefu ya kishairi. Wimbo Ulio Bora ni mashairi ya mapenzi. Paulo, aliposimama Areopago, aliwataja washairi wa Wayunani (Matendo 17). Mhubiri anayesoma Zaburi kana kwamba ni waraka, au mfano kana kwamba ni taarifa ya polisi, hupotoka hata kama nia yake ni njema. Kwa hiyo ustadi wa kutambua tanzu si pambo kwa mwanatheolojia. Ni sehemu ya ufafanuzi wa Maandiko.

Tuanze na Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Katika beti zipatazo mia moja anamfundisha binti huyo kumcha Mungu, kuwa na adabu, kumheshimu mume na kutunza nyumba. Wasomaji wengi wa siku hizi wameulaumu utenzi huu kwamba unamfanya mwanamke mtumwa wa mumewe. Lawama hiyo ina uzito, wala hatuna haja ya kuificha: msichana wa leo hawezi kupewa beti zile ziwe sheria ya ndoa yake. Lakini tuulize kwanza: je, hii ni sheria? Utenzi huu ni wosia. Anayenena ni mama ambaye hatarajii kuishi muda mrefu, anayejua jinsi dunia ya wakati wake ilivyo ngumu kwa msichana asiye na mama, naye anampa silaha alizo nazo. Anayeusoma hivyo atasikia hofu ya mzazi nyuma ya kila shauri, na atatofautisha upendo wa mama na desturi za mji.

Faida kwetu iko wazi. Mithali 31 nayo ni mafundisho ya mama kwa mwanawe, Mfalme Lemueli. Mara ngapi sifa za mke mwema zimesomwa katika ibada za ndoa kana kwamba ni orodha ya masharti aliyopewa bibi arusi, asikumbukwe hata kidogo kwamba fundisho hilo limeelekezwa kwa mwanamume? Mchungaji aliyejifunza kusikia wosia katika utenzi wa Mwislamu wa Pate atakuwa mwangalifu zaidi anaposimama mbele ya maarusi. Tena atakuwa amejifunza kumsikiliza jirani yake Mwislamu katika jambo ambalo si mabishano.

Kitabu cha pili ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905. Mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yuleyule wa historia, ni mtu aliyeumbwa kwa fikra. Onyo hilo ndilo ufunguo wa utanzu huu. Anayetaka kujua nini kilitukia Ngarambe na asome wanahistoria. Tamthilia inauliza jambo lingine. Inamwonyesha mtu aliyepokea neno na kuwapa watu, neno likawaunganisha makabila yaliyokuwa yakichukiana, kisha likakua kuliko yeye. Aliposita hakuweza tena kulirudisha, maana watu walikwisha kulichukua wakaliamini kwa namna yao. Na mwishoni anapotakiwa kuyakana maji, anakataa. Si kwa kuwa ana hakika na maji, bali kwa kuwa kuyakana kungewafanya wajukuu waamini kwamba hata kupigania haki kulikuwa kosa.

Hatujui kitabu kingine cha Kiswahili kinachoitazama kwa ukali namna hii hatari ya kazi ya mhubiri. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi mia tano kutoka kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu. Hatukusudii kumhukumu mtu. Mzee yule amekwisha kulala. Twasema tu kwamba wakati ule mijadala yetu mingi ilikomea kwenye swali moja: dawa inaponya au haiponyi? Tamthilia ya Hussein ingetufundisha kuuliza maswali mengine. Neno hili limetoka wapi? Nani sasa analibeba, na analitumia kwa faida gani? Watu wanaoliamini wana shida gani ambayo sisi hatukuwahi kuisikiliza? Leo maji na mafuta ya upako yanauzwa katika miji yetu, na maswali hayo bado yanangoja majibu.

Tamthilia hii ina upungufu wake. Baadhi ya wahusika wadogo ni kama sauti za hoja tu, hawana nyama. Lakini tamthilia haikuandikwa isomwe kimya. Wanafunzi wa theolojia wakigawana nafasi na kuisoma kwa sauti, sauti zile hupata miili, na hapo ndipo uzito wake huonekana.

Twaja sasa kwenye riwaya, na hapa ndipo mashaka ya wengi yalipo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Kwa muda ilizuiwa isisomwe shuleni kwa ajili ya mambo ya zinaa yaliyomo. Baadaye ikaruhusiwa na wanafunzi wengi wameisoma. Jina lake ni mojawapo ya majina ya heshima ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, na mwandishi analiweka juu ya msichana ambaye maisha yake yanaharibika na ambaye mwishowe anajiua. Rosa analelewa na baba mlevi anayempiga na kumkataza kila uhusiano na wavulana. Anapofika shuleni, mbali na fimbo ya baba, hana ulinzi wowote moyoni, kwa maana alifundishwa hofu, hakufundishwa kuamua.

Wapo wanaosema kwamba riwaya hii yafundisha uasherati. Twaona kinyume chake. Ni kitabu kikali cha maadili, pengine kikali kupita kiasi. Kasoro yake, kwa maoni yetu, ni kwamba adhabu yote yamwangukia msichana, wakati wanaume wenye vyeo waliomtumia wanapita kwa sentensi chache. Tena mwandishi anakimbia kutoka anguko moja hadi jingine, na mara nyingine twaona hoja ya malezi kabla hatujamwona Rosa mwenyewe.

Lakini kabla ya kumlaumu mwandishi kwa kasoro hiyo, tujitazame. Katika sharika zetu, msichana akipata mimba nje ya ndoa hutengwa na meza ya Bwana, akasimamishwa mbele ya watu atubu. Mwanamume mara nyingi hajulikani, na akijulikana hukana. Je, nidhamu yetu haikuandikwa kwa sentensi zilezile chache? Na mtu anapojiua, je, twajua la kusema kwa mama yake zaidi ya kubishana kama mchungaji aende kaburini au asiende? Riwaya haitupi kanuni ya kanisa. Kazi ya utanzu huu ni kutukalisha ndani ya maisha ya mtu mmoja kwa kurasa nyingi, hata tusiweze tena kumwita kwa jina la dhambi yake. Mfano wa mahubiri hauwezi kufanya kazi hiyo, kwa maana mfano humtaja mtu kisha humwacha.

Kitabu cha nne chatoka kisiwa kilekile cha Ukerewe alikozaliwa Kezilahabi. Aniceti Kitereza aliandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapaji; mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981. Bugonoka hana mtoto. Kwa ajili ya masimango ya ndugu za mume, wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere hataki kuoa mwingine. Anawaendea wakwe zake, anatozwa pombe ya ndizi, anafanya kazi yote ya kuitengeneza, naye anampata tena mkewe.

Msomaji aliyezoea riwaya za haraka atachoka. Mwandishi anaeleza namna ya kusalimiana, kulima, kuvua, kupika pombe na kutafuta mganga, hatua kwa hatua. Lakini kosa ni la msomaji anayetafuta utanzu mwingine. Kitereza alikuwa akiweka akiba kwa watu ambao aliona wanasahau, na polepole hiyo ndiyo njia yake ya kuonyesha kwamba upendo wa wawili hawa unaishi ndani ya kazi, adabu na ukoo, si ndani ya maneno matamu. Anayekisoma chote atamrudia Elkana na Hana (1 Samweli 1) kwa macho mapya. Atauona uchokozi wa Penina kuwa jambo la kila siku mezani, na atajiuliza kwa nini tunaharakia kufika kwenye kuzaliwa kwa Samweli. Wanandoa wasio na watoto walio katika sharika zetu hawajafika huko, na wengine hawatafika. Wao wanahitaji mchungaji anayeweza kukaa nao katika sura ya kwanza, kabla ya aya ya ishirini.

Basi tufanye nini? Twapendekeza mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Wachungaji wa jimbo moja wakikutana, wachague kitabu kimoja kwa kila robo ya mwaka, na wasichague aina moja mara mbili mfululizo. Wakikosa nakala, wawaendee walimu wa sekondari walio katika sharika zao, maana baadhi ya vitabu hivi vimefundishwa huko kwa miaka mingi, na mara nyingi mwalimu au mwanafunzi wa kidato cha nne anavijua kuliko mchungaji wake; si aibu kumwomba aongoze mazungumzo. Katika kujadili, tuufuate utaratibu huu: kwanza, hiki ni kitabu cha namna gani? Pili, ni nani anenaye, naye ananena na nani? Tatu, ni jeraha gani la watu linalooneshwa hapa? Swali la mahubiri na lije la nne. Likija la kwanza, hayo mengine hayasikiki.

Twajua kwamba mtumishi wa mitaa minne mwenye baiskeli moja hana saa nyingi za kusoma. Hatumwongezei mzigo wa elimu. Twamkumbusha tu kwamba washarika wake nao wana wosia, ndoto, siri na historia ndefu, na hawaji kwake wakiwa wameandikwa kwa utanzu mmoja. Aliyejizoeza kuuliza kitabu ni cha namna gani kabla ya kukihukumu amekwisha kujizoeza jambo ambalo atalihitaji jioni hiyohiyo, mtu atakapobisha hodi mlangoni na kuanza kueleza habari zake.