Uhakiki wa Ushahidi Unaotumika Kuamua Kiwango cha Upasuaji wa Kasinoidi za Mapafu katika Hatua za Awali

Sehemu hii inahakiki ushahidi uliotumika kujibu swali moja: mgonjwa mwenye kasinoidi ndogo ya pafu ambayo haijasambaa aondolewe pande zima la pafu, au sehemu tu ya pande hilo? Hoja inayotetewa ni kwamba tafiti nyingi huwagawa wagonjwa kwa taarifa ambayo mpasuaji hanayo wakati wa kuamua.

Kwa mujibu wa uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, kasinoidi ya kawaida huwa na migawanyiko ya seli chini ya 2 katika eneo la milimita 2 za mraba, na haina tishu zilizokufa. Isiyo ya kawaida huwa na migawanyiko 2 hadi 10, au tishu zilizokufa, na husambaa kwenye tezi za limfu mara nyingi zaidi. Hesabu hiyo huhitaji tishu ya kutosha. Sampuli ndogo inayotolewa kabla ya upasuaji mara nyingi haiwezi kutenganisha aina hizi mbili kwa uhakika.

Kwa kuwa kasinoidi hazina jaribio lake la mgawanyo nasibu kuhusu suala hili, ushahidi umeazimwa kutoka saratani nyingine za mapafu. Ginsberg na Rubinstein (1995) walionesha kwamba upasuaji mdogo uliongeza kurudi kwa uvimbe mahali pale pale. Jaribio la Japani, JCOG0802 (2022), lenye wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, lilipata matokeo yanayohitaji kusomwa kwa makini: baada ya miaka 5, asilimia 94.3 ya waliokatwa sehemu ya pande walikuwa hai, dhidi ya 91.1 ya waliokatwa pande zima. Lakini uvimbe ulirudi mahali pale kwa asilimia 10.5 dhidi ya 5.4. Kasinoidi hukua polepole na huweza kurudi hata baada ya miaka 10. Kipimo cha miaka 5 hakitoshi kwake.

Tafiti za rejista, hususan SEER ya Marekani, hudai kwamba kwa kasinoidi ya kawaida tofauti ya kuishi ni ndogo. Dai hilo lina kasoro mbili. Kwanza, waliofanyiwa upasuaji mdogo mara nyingi hawakuchunguzwa tezi vya kutosha. Hivyo "haijasambaa" huweza kumaanisha "haikutafutwa". Pili, neno "kawaida" hupatikana katika ripoti ya mwisho ya patholojia, baada ya kisu.

Mapendekezo ya ENETS (2015) ya kukata kwa kufuata mipaka ya anatomia na kuondoa tezi kwa utaratibu yana mantiki kwa sababu hayategemei taarifa hiyo ya baadaye. Hata hivyo, hayapaswi kusomwa kama amri ya kuondoa pande zima. Wagonjwa wengi wa kasinoidi bado wana miongo ya kuishi, na pafu lililookolewa lina thamani. Kwa uvimbe mdogo ulio pembezoni, kuondoa segimenti pamoja na tezi kunatetewa vizuri zaidi kuliko kukata kipande cha umbo la kabari.

Kwa hiyo, utafiti ujao ulinganishe mikakati tangu siku ya uamuzi: uchunguzi wa tezi, kiasi cha pafu kilichokatwa, na hatua inayofuata iwapo ripoti itasema uvimbe si wa kawaida.