Mtunzi Aliyekataa Kumwokoa Rosa

Wasomaji wengi wa Kiswahili tumewahi kumwombea Rosa asife, huku tukiona wazi kwamba kurasa zimebaki chache. Yeye ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina wa Ukerewe, katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Rosa Mistika*, iliyochapishwa mwaka 1971. Mwishoni anajitoa uhai. Hapa Mfaranyaki, mjini Songea, nikikitaja kitabu hiki mbele ya vijana ubishi huzuka papo hapo: nani amemuua Rosa? Huyu atamtaja baba, yule atamtaja mchumba, wa tatu atasema amejiponza mwenyewe. Kwangu mimi, ubishi huo ndio ushahidi wa ufundi wa mtunzi.

Mwanzoni kijana Charles anamwandikia Rosa barua ya mapenzi. Zakaria, mlevi mwenye mkono mzito, anamcharaza bintiye na kumharamishia wavulana kabisa. Kezilahabi angeweza kuishia kutuchorea katili. Yeye ametupa baba anayeamini kwamba fimbo ni ulinzi, na hapo ndipo msiba unapotia mizizi. Rosa anakuzwa kwa hofu, hafundishwi kujiongoza, kisha anaingia katika maisha ya shule na chuo, Mwanza hadi Morogoro, ambako wanaume wenye vyeo wanamnyemelea. Anateleza, na kila kosa linazaa jingine. Ukirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, huoni tukio lililobandikwa kwa bahati nasibu.

Kisha Charles anakuwa mchumba wake. Pendo lililokuwa haramu limepata ruhusa, furaha inamkaribia Rosa mpaka anaweza kuigusa. Mtunzi dhaifu angeivunja kwa ajali au maradhi. Kezilahabi anaivunja kwa hukumu: Charles anayajua yaliyopita, anamkataa. Sheria ileile iliyomchapa Rosa utotoni sasa inatoka kinywani mwa mtu anayempenda. Uamuzi wa mwisho wa Rosa unatuumiza kwa sababu tumeona milango ikifungwa mmoja mmoja, na waliofunga ni watu wa kawaida wanaojiona wema.

Hata jina limepimwa. Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika litania, na katika mji kama huu, wenye Wakatoliki wengi waliokua na rozari mkononi, linachoma. Msichana ambaye jamii itamwita mchafu amebeba jina la usafi, na mtunzi hamvui jina hilo mpaka mwisho.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1857, jijini Paris, mwandishi Flaubert alishtakiwa kwa sababu ya *Madame Bovary*, riwaya nyingine ambayo shujaa wake wa kike anajiua, akaachiwa. *Rosa Mistika* nayo ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Wenye mamlaka walihofia mambo ya chumbani yaliyomo. Nadhani kilichokuwa kizito zaidi ni lawama iliyowaelekea wazazi na wakubwa. Fasihi yetu ilikuwa imezoea hadithi kama *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ambamo wema hulipwa. Kezilahabi aliujua vizuri urithi huo, hata baadaye akaandika tasnifu ya uzamili kuhusu Shaaban Robert. Kukataa kwake kumwokoa Rosa kulikuwa chaguo la fundi anayejua anaacha nini.

Sisemi kifo cha Rosa ni njia ya kufuatwa. Msichana aliye hai mwenye mzigo kama wake anastahili mtu wa kumsikiliza leo, kabla ya kesho. Riwaya imefunga milango yote ili sisi tujue ipi ya kufungua nyumbani kwetu. Mzazi anayemaliza kuisoma, akamwita bintiye wakazungumza juu ya mapenzi bila fimbo wala matusi, ameuelewa ufundi wa Kezilahabi kuliko mhakiki yeyote.