Mikono ya Mkandaji

Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Sehemu nyingi nyingine za mwili hujilainisha zenyewe, japo kidogo. Unyayo hutoa jasho tu, na jasho halilainishi. Ndiyo maana kisigino hupasuka magaga hata kwa mtu anayeoga mara mbili kwa siku. Na juu ya ngozi hiyo iliyonyimwa mafuta ndipo uzito wote wa mwili unapokaa, ukigawanywa kwa mifupa 26 ya kila mguu. Huku pwani akina bibi hawakuhitaji kuihesabu mifupa hiyo ili wajue kwamba mguu uliochoka unataka maji ya uvuguvugu, mafuta ya nazi na mkono wa mtu asiye na haraka.

Katika wakandaji walionikanda, ninayemkumbuka zaidi ni bibi mmoja mwenyeji wa Pemba, aliyefanya kazi barazani kwake bila kibao wala bei iliyoandikwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nyoosha mguu niuone.”

Kabla ya mguu aliziangalia ndara zangu nilizovua mlangoni. Zilikuwa zimelika upande wa nje, karibu na kisigino, na moja kuliko nyingine. Kisha akaushika mguu kwa viganja vyote viwili, akatulia. Hakuminya wala hakuuliza panauma wapi. Vidole vyake vilikuwa vinapima joto, vinatafuta palipokaza, vinangoja mguu wenyewe uache kujihami. Mguu wa mtu mzima huwa umejikaza bila mwenyewe kujua, na mkandaji asiye na subira huanza kazi kabla haujakubali. Kwangu mimi ufundi wote uko hapo, katika dakika ile ambayo mtazamaji angedhani hakuna kinachofanyika.

Baada ya beseni la maji na chumvi kidogo alinikausha kwa kanga, hata katikati ya vidole. Mafuta aliyamimina kwenye kiganja chake kwanza, yapate joto, ndipo akaanza. Vidole gumba vyake vilitoka kisiginoni vikielekea vidoleni, vikifuata ule utando mgumu uliotandazwa chini ya unyayo, ambao ndio unaomchoma mtu asubuhi anapokanyaga sakafu mara ya kwanza. Akaja kwenye vidole, kimoja kimoja, akikizungusha na kukivuta kidogo. Akazunguka kifundo. Mwisho akapandisha viganja kwenye shavu la mguu, daima kuelekea goti, hakushuka kwa nguvu hata mara moja. Damu inayorudi moyoni kutoka miguuni hupanda mlima, na kinachoisukuma ni misuli ya shavu la mguu inapojikaza na kulegea wakati wa kutembea. Anayesimama mahali pamoja kutwa huipumzisha pampu hiyo, majimaji yanabaki chini, viatu vinabana. Mkono unaopanda unaifanya kazi ambayo misuli haikuifanya.

Nguvu alikuwa nayo, ila hakuanza nayo. Tui likipewa moto mkali hukatika, na mguu nao ukiminywa kwa pupa hukaza zaidi. Kila alipoongeza uzito alikuwa ameshausikia mguu ukilegea.

Mafuta yake yalikuwa ya nyumbani: nazi ikakunwa, tui likakamuliwa, likachemshwa hadi mafuta yakajitenga. Ndani yake alitia tone la mafuta ya karafuu. Pemba mafuta hayo hutokana hasa na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na kiwanda cha Wawi, Chake Chake, ndicho kinachoyakamua kwa mvuke. Ukali wake unatokana na yujenoli, dawa ile ile ambayo waganga wa meno wameitumia kupoza jino linalouma. Yakipakwa matupu huunguza. Tone moja kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi linatosha.

Siku hizi kuna vyumba vya masaji vyenye picha ya unyayo ukutani, umegawanywa kama wilaya: hapa figo, hapa ini, hapa macho. Ramani hizo si za kale. Nchini Marekani daktari William Fitzgerald alitoa kitabu chake kuhusu kanda za mwili mwaka 1917, na Eunice Ingham akazihamishia kanda hizo kwenye nyayo katika kitabu cha mwaka 1938. Utafiti haujathibitisha kwamba kuminya sehemu ya unyayo kunatibu ini. Na sioni kwa nini mguu uhitaji sifa ya ini ili ustahili kukandwa. Umebeba mtu kutwa nzima. Hiyo ni sababu tosha.

Huku kwetu wengi hupata mkono huu katika nyakati maalumu tu. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto katika arobaini yake. Bibi harusi husingwa kwa liwa na singo. Mwanamume akitaka kukandwa miguu ataambiwa hayo ni mambo ya wanawake, ilhali mchua misuli wa timu ya mpira huingia uwanjani na mkoba wake na hakuna anayecheka. Mama ntilie, konda wa daladala, muuguzi wa zamu ya usiku, machinga wa Kariakoo: hawa wanasimama kuliko mshambuliaji yeyote, nao hawana wa kuwachua. Hilo linaniuma.

Mkandaji mzuri anajua pia mguu wa kuuacha. Shavu la mguu mmoja likivimba ghafla, likawa la moto na linauma, haligusi. Anakutuma hospitali, maana huenda damu imeganda ndani. Mwenye kisukari humwangalia nyayo kwanza asije akawa na kidonda asichokisikia, na maji anayapima yeye kwa kiwiko chake.

Asiye na mkandaji anayo mikono yake. Keti kwenye kigoda, weka mguu mmoja juu ya paja la pili, na uushike tu kwanza hadi utulie. Tembeza gumba kutoka kisiginoni, polepole, na palipokaza pabonyeze huku unavuta pumzi tatu nne kabla ya kusogea. Mgongo ukikataa kuinama, laza sakafuni chupa ya plastiki iliyojaa maji, uiviringishe chini ya unyayo. Dakika kumi kwa kila mguu zinatosha, simu ikiwa chumba kingine. Ukimaliza zifute nyayo kabla hujasimama, maana sakafu ya saruji yenye mafuta ya nazi huteleza.