Lugha na Ukimya Ndani ya Nyambizi

Katika filamu ya *The Hunt for Red October* (1990), iliyoongozwa na John McTiernan, mabaharia wa Kisovieti huanza kwa Kirusi. Afisa wa siasa anaposoma Biblia na kufikia neno Armageddon, wote hugeuka wasemaji wa Kiingereza. Ni hila ya ustadi. Lakini kwa familia inayoitazama nyumbani Sake, kwa Kihunde na Kiswahili chake, zote mbili ni lugha za wengine. Kisichohitaji mkalimani ni ukimya: watu wanaotega sikio gizani ili wajue adui yuko upande gani. Sake, iliyotwaliwa na M23 Januari 2025, inaufahamu usikivu huo. Milipuko ya mwisho wa filamu, kinyume chake, ni kelele tu.